Mshika Betri

Mume wangu alikuwa mkata miti, na alikufa kitandani, shuka limemfika kidevuni, viatu vyake vya kazi vimepangwa chini kama vya mtoto wa shule. Watu walivunjika moyo. Kila aliyekuja kutoa pole aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni msumeno?" Nikijibu kwamba ni moyo, ulisimama tu, niliona kabisa uso wake ukishuka, kama mtu aliyefika karamuni akakuta sufuria zinaoshwa. Mzee mmoja hakukubali. "Lakini msumeno ulikuwepo humu ndani," akasema. Nikamwambia ulikuwepo, ulikuwa sebuleni juu ya rafu, na kwa kuwa haukuwa na betri sidhani kama tutaweza kuushtaki.

Mimi sikulia. Siyo kwamba nilijikaza, hakukuwa na cha kukaza. Dada yangu akaona aibu kwa niaba yangu, akaniweka karibu na mlango na beseni la vitunguu na kisu, ili kila anayeingia anikute macho mekundu. Nilikata vitunguu vya kulisha kambi ya jeshi. Macho yangu yakabaki makavu, na yeye aliyekaa ubavuni mwangu kunisimamia akatokwa machozi mpaka kamasi. Watu wakamwinamia yeye, wakampa yeye pole, mmoja akamshika mkono akamwita mjane. Alizipokea zote. Ningefanya nini? Nikaendelea kukata.

Ndani yangu palikuwa pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Unauona upo, unaupiga kofi, kofi unalisikia mkononi tu. Nikila, nilijua nakula kwa sababu sahani ilikuwa inapungua.

Wageni walipotawanyika akaja shemeji yangu, mdogo wake marehemu, kuchukua msumeno. Huyu kila mtu anamwita Petroli, hata watoto wake wakiwa wamekasirika. Amekata miti kwa msumeno wa petroli tangu ndevu zake zinahesabika, na msumeno huo ulimlipa kwa kumla masikio. La kushoto halisikii kabisa, la kulia husikia likipenda. Kwa hiyo huongea kama anaita mtu aliye ng'ambo ya mto. Akikunong'oneza siri, mtaa mzima unakusaidia kuitunza. Msumeno wake ulikuwa umeshakufa injini, na wateja wa kaka yake walikuwa bado wanapiga simu. Ilikuwa haki yake kuurithi, na nilikuwa nimelisema hilo mbele ya ukoo kabla hajaomba.

Alikaa, binti yangu akamletea chai. Binti yangu alikuwa amekuja kukaa nami kwa muda, kuhakikisha ninakunywa maji. Petroli akaunyanyua msumeno kwa mkono mmoja, akaugeuzageuza, akaupima uzito kama anayenunua kuku.

"Mwepesi huu. Kaka alikuwa anakatia miti au kucha?"

"Kucha hauzikati," nikasema. "Vidole ndiyo."

"Betri ziko wapi?"

Nilikuwa nimezipakata. Betri mbili, kila moja nene kama tofali dogo, na sikukumbuka nilizichukua rafuni lini.

Hapa inabidi nieleze kazi yangu. Nilikuwa mshika betri. Usiitafute kwingine kazi hiyo, tuliitunga mimi na mume wangu, mezani kwetu. Naye alikulia kwenye petroli kama mdogo wake, mpaka mikono ikawa inamtetemeka hata ameshika kikombe, ndipo akanunua huu wa betri. Sasa, mtu wa petroli ana tabia moja iliyomwingia mpaka kwenye mifupa: anasikiliza. Msumeno wa petroli ukinguruma uko hai, ukinyamaza umekufa, na haufufuki mpaka uuvute kamba tena na kuubembeleza. Kwa hiyo ukinyamaza anausogelea bila wasiwasi. Anaufuta, anachokonoa vumbi, anapitisha tupa kwenye meno. Maisha yake yote masikio yake ndiyo yamemlindia vidole.

Wa betri unanyamaza wakati wote ambao haukati. Umenyamaza na uko hai. Kidole kikigusa pale kwenye mpini, mnyororo umeshaondoka kabla hujapepesa. Siku za mwanzo mume wangu aliufuta unga wa mbao kwa kidole, msumeno kimya kama paka aliyeshiba, kiganja cha pili kikaubana mpini. Ulichukua ncha ya glavu. Kidole hakikuwemo kwenye ile ncha, kwa sababu glavu zilikuwa kubwa kuliko mikono yake. Nilizinunua mimi, na kwa ukubwa huo nilikuwa nimesemwa sana. Alirudi nyumbani akaiweka ile glavu mezani, akaitazama, akasema, "Kuanzia kesho unakuja kazini na mimi."

Sheria ikawa hivi. Kabla hajaugusa mnyororo kwa sababu yoyote, awe anaukaza, anaunoa, anaufuta au anamtoa mdudu, anachomoa betri na kuiweka mkononi mwangu. Siyo chini, siyo mfukoni mwake. Mkononi mwangu. Na mimi simrudishii mpaka nione mikono yake yote miwili imerudi kwenye mipini. Watu walitucheka, na aliyecheka kuliko wote ni Petroli. "Kaka anatembea na mke kama mkoba," alikuwa anasema, na akisema yeye, walisikia mpaka waliolala.

"Betri hizi zina mtu wake," nikamwambia siku hiyo, sauti yangu ikitoka bapa kama ya mtu anayesoma bango. Nikamweleza sheria yote, mwanzo mpaka mwisho, upande wa sikio la kulia.

Akacheka. "Shemeji, mimi nimekata miti nina homa, nina njaa, nimegombana na mke wangu. Kibetri hiki ndicho kitanishinda? Wewe pumzika."

"Mama, mwache baba mdogo achukue," binti yangu akasema. "Umechoka."

Sikuwa nimechoka. Kuchoka ni kitu, unakisikia magotini. Nikazitoa betri mapajani, nikampa.

"Umesikia nilichokuambia?"

"Nimesikia," akasema Petroli. Kwake yeye neno hilo ni adabu tu, halina maana nyingine.

Usiku ule upepo ulivuma, na asubuhi mke wa Petroli akaja kwangu amevaa kandambili za rangi mbili tofauti. Ni mwanamke mpole, tumeolewa nyumba moja, tumeshirikiana kuwasengenya wanaume hao tangu ujana. Hakukaa.

"Dada, nenda naye leo. Amepigiwa simu na zahanati, mti umeanguka mlangoni kwao."

"Nimeambiwa nipumzike."

"Jana jioni amekaa kizingitini, ile mashine ameilaza pajani kama mtoto, anaifuta kwa tambara. Jino moja moja. Nikamuuliza, betri iko wapi? Akasema imo. Nikamwambia itoe. Akasema, 'Si imenyamaza hii, huoni?'" Alikuwa anazungusha kidole cha mkono mmoja ndani ya ngumi ya mwingine. "Ana mikono miwili tu, dada. Na nyumba nzima tunakula kwa hiyo."

"Atanifukuza."

"Wewe hawezi kukufukuza. Umefiwa."

"Kumbe ina faida," nikasema.

Akacheka, kisha akajiziba mdomo, akatazama kama kuna mtu amemwona.

Sitajisifu kwamba nilikwenda kwa huruma. Niliitafuta, nikapekua kila mahali, nikaikosa. Nilimtazama yule mke wa shemeji yangu, ninayempenda, akiniomba niokoe mikono ya mumewe, na kilichonijia kichwani ni kwamba kandambili ya bluu imekatika ukanda. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Nikafikiri, kule zahanati pia viti vipo. Nikatia kwenye mfuko chupa ya mafuta ya mnyororo, tupa na spana, vitu ambavyo Petroli alivisahau rafuni kwa kutojua kazi yake, nikatoka.

Mti ulikuwa umelala kukatiza njia ya zahanati, shina upande mmoja, matawi yamejazana mbele ya mlango, na wajawazito walikuwa wanaruka gogo wakiwa wameshikwa mikono. Petroli alikuwa ameshaanza. Na niseme haki yake: alikuwa amewasogeza watu wote nyuma, mbali, akachora mstari kwa kisigino. Alikuwa amevaa kofia ngumu yenye wavu wa uso, buti, na ile suruali nzito ya kaka yake, yenye nyuzi ndani ambazo mnyororo ukikugusa mguu zinaung'ang'ania ukwame kabla haujafika kwenye nyama. Ilikuwa ndefu kwake, ameikunja chini. Niliitazama ile suruali ikitembea yenyewe mbele yangu, magoti yake ninayajua, kiraka nimekishona mimi. Nikasimama nikangoja kitu kije. Hakikuja. Nikaenda kukaa.

Aliniona nikikaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Shemeji, umefuata nini?"

"Nimekuja kupimwa presha."

"Una presha wewe?"

"Umeishika mkononi."

Wagonjwa wakacheka. Petroli akacheka pia, nusu, kwa kuwa alisikia nusu.

Mti alikuwa anaujua, hilo halina ubishi. Tawi lililokunjika kama upinde alilizunguka, akalitazama, akalikata kidogo kidogo upande wa ndani mpaka nguvu ikaisha ndipo akalimaliza, na alisimama pembeni, siyo mbele. Ncha ya ule ulimi wa chuma unaozungukwa na mnyororo hakuigusisha kitu, maana ncha ikigusa mti msumeno wote unakurukia usoni. Hakunyanyua msumeno juu ya bega. Mume wangu mwenyewe asingepata cha kusema, na mume wangu alikuwa mtu wa kupata cha kusema.

Lakini baada ya muda nikasikia harufu ya mti unaoungua. Alipoutua msumeno nikanyanyuka, nikamfuata na chupa.

"Mafuta," nikasema.

"Mafuta gani? Huu si wa betri?"

"Betri inazungusha. Mnyororo ni chuma kile kile alichotumia babu yenu. Unausaga mkavu."

Akausogezea uso, akaona moshi. Akaulaza ubavu, akaanza kufungua tangi. Nikanyoosha kiganja mbele yake, kama nilivyokuwa ninanyoosha kwa kaka yake, nikangoja betri.

Akaweka humo kifuniko cha tangi.

Nikakishika. Kilikuwa kifuniko kizuri. Akajaza mafuta, nikamrudishia kifuniko, akasema asante.

"Betri ndiyo nilikuwa naiomba."

"Ya nini? Najaza mafuta tu. Kakae, shemeji, vibanzi vya mti vitakuingia macho."

Nikarudi kukaa. Mwanamke aliyekuwa karibu nami, amembeba mtoto mwenye mafua, akaniuliza kama yule ni mume wangu. Nikamwambia hapana, ile ni suruali yake tu. Akasogea kidogo kwenye benchi.

Ilitokea alipokuwa amebakiza shina. Mnyororo ulikuwa umepata joto ukarefuka, ukawa unaning'inia chini ya ulimi kama utepe, na kijiti kikaingia pale unapozama kwenye mashine, kikaubana. Msumeno ukakwama. Petroli akauachia, ukanyamaza. Kwa mtu wa petroli, hapo kazi imesimama na mashine imekufa. Akakaa juu ya gogo, akaulaza pajani, akavua glavu ya kulia ili apate kubana vizuri, akaiachia breki ya mbele ili mnyororo uvutike, akatia vidole vinne kati ya mnyororo na chuma. Mkono wa pili ulikuwa umeukumbatia mpini wa nyuma, kiganja juu ya kile kitufe cha kufungulia, kidole pale pale pa kuondoshea. Kwenye mpini kataa kadogo ka kijani kalikuwa kanawaka. Mimi niliyekaa kule kwenye benchi nilikaona. Yeye aliyekapakata hakukaona.

Na wakati huo huo muuguzi mkuu akatoka nje. Mama mnene, saa yake ameivaa upande wa ndani wa mkono, anapenda kuzungumza.

"Mashine yako nzuri, baba. Haina kelele. Hata wagonjwa wangu wamelala."

"Eeh?" Petroli akageuka kumpa sikio la kulia, mwili wote ukageuka nalo, na vidole vikabaki kule vilikokuwa.

Nilimwita. Sauti ilitoka, lakini ilitoka ndogo, ya kuitia paka. Na upande niliokuwepo ulikuwa wa lile sikio la kushoto. Nikanyanyuka.

Watu huwa wanasimulia kwamba kwenye hatari moyo unakwenda mbio. Wangu haukwenda popote. Nilitembea. Niliukanyaga mstari aliouchora kwa kisigino, nikaona vibanzi vya mti ni vyeupe na vina unyevu, nikaona siafu wanahama na mayai yao, nikaona uzi umening'inia kwenye pindo la ile suruali, nikafikiri nikirudi nitaukata. Sikukimbia kwa sababu ukimkimbilia mtu anashtuka, na akishtuka anabana. Hilo nililijua bila kulifikiri. Nilipita nyuma yake nikafika ubavuni, nikabonyeza kibanio kwa kidole gumba, nikaichomoa betri. Kataa ka kijani kakazimika.

Petroli akageuka. "Shemeji, tena? Si nimekuambia ukae?"

"Nimekaa," nikasema, nikakaa kando yake juu ya gogo, betri mapajani.

Akatikisa kichwa, akamtazama muuguzi kama kumwambia unaona mambo yangu, akarudi kwenye kijiti. Kiligoma. Akakunja uso, akajikaza, akauvuta mnyororo kwa nguvu zake zote huku mkono wa pili ukiubana mpini ili usikimbie, na mkono wa mwanadamu ukibana, unabana wote. Kijiti kikachomoka, na kile kitufe kikazama. Kilitoa mlio mdogo, kama wa mtu anayefunga kalamu.

Kwa masikio yale hakuusikia. Aliuhisi kidoleni. Akatazama chini, akauona mkono wake wa kushoto umebonyeza mpaka mwisho, akauona mkono wake wa kulia, mtupu bila glavu, vidole vinne ndani ya meno. Akatulia hivyo hivyo. Hakuvitoa. Nadhani aliogopa kuvisogeza.

"Shemeji."

"Naam."

"Betri."

"Ninayo."

"Unayo?"

"Hii hapa."

"Yote?"

"Betri haitoki nusu."

Muuguzi akauliza kama kuna shida. Nikamwambia hakuna, tunabadilishana zamu.

Petroli akaachia mpini kwanza, polepole, kama anayemlaza mtoto mchanga. Kisha akatoa kidole kimoja, akafuata na kingine, mpaka vyote vikatoka, akavipanga juu ya goti akavitazama. Vilikuwa na grisi. Hakuna kingine vilichokuwa nacho.

"Kaka aliniambia," akasema. Alikuwa ananong'ona, kwa hiyo ni waliokaa benchi la mbele tu waliosikia. "Kuhusu ile glavu. Aliniletea mpaka nyumbani akanionyesha. Mimi nikamwambia anatafuta sababu ya kutembea na mke."

"Na hiyo sababu nayo ilikuwepo," nikasema.

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tunabeba chai kwenye chupa, na mti ukishaanguka tulikuwa tunakaa juu yake tunainywa, na alikuwa anachagua miti yenye kivuli karibu. Nilisema hivyo, na maneno yakanitoka kama namba ya nyumba.

Petroli akalia. Alilia kama anavyoongea, na zahanati nzima ikaamka. Muuguzi akamletea kiti, ingawa alikuwa amekaa. Yule mwanamke wa mtoto mwenye mafua akampa leso, wagonjwa wakampa pole ya kufiwa na kaka, wengine wakiwa wamejipanga mstari kwa mazoea ya mahali pale. Nikaona pole za mume wangu sasa zinakwenda kwa ukoo mzima, na mimi sijapata hata moja ya kuweka akiba. Sikuwa na wivu. Nilimshikia betri.

Alipomaliza kupenga kamasi nikamwambia, "Vaa glavu. Kijiti umekitoa lakini mnyororo bado umelegea, ukikata hivi utakurukia."

"Nionyeshe."

"Kukaza mnyororo unajua kuliko mimi."

"Najua wa petroli," akasema. "Nionyeshe wa kaka."

Ni ule ule, lakini nilimwonyesha. Breki iwe imeachiwa, betri iwe kwangu. Unalegeza nati ya ubavuni kwa spana, unainua ncha ya ulimi, unazungusha skrubu mpaka mnyororo ulalie chuma kule chini. Unauvuta katikati kwa vidole: uinuke kidogo, meno ya ndani yasitoke kwenye mfereji wake, ukiuachia urudi wenyewe. Unausukuma kwa mkono wenye glavu: utembee. Ukikataa umekaza mno. Kisha unakaza nati huku ncha bado umeiinua. Alifanya yote hayo ulimi wake umetoka nje kama mtoto anayeandika, na kila hatua alinitazama mapajani kuhakikisha nilichokipakata bado kipo.

Akashika mpini wa mbele, akashika wa nyuma.

"Niko tayari," akasema.

Nikatazama. Mikono miwili. Nikaipachika betri mahali pake, ikalia kak, nikarudi nyuma ya mstari.

Shina lilimchukua sehemu kubwa ya mchana. Mara kwa mara aliutua msumeno, akachomoa betri, akatembea mpaka kwenye benchi, akaiweka kiganjani mwangu, akarudi kufuta au kunoa. Mara moja aliileta akasimama tu.

"Unataka kufanya nini?" nikamuuliza.

"Kujikuna mgongo."

"Hiyo unaweza ukafanya ikiwemo."

"Acha ikae kwako," akasema.

Jioni njia ilikuwa wazi, magogo yamepangwa ukutani, na wajawazito wanaingia mlangoni bila kushikwa mkono. Petroli alinisindikiza mpaka kwangu. Msumeno aliubeba yeye, ulimi umevalishwa ala yake, betri nilizibeba mimi kwenye mfuko. Mlangoni nikamnyooshea ule mfuko, akaweka mikono yake nyuma.

"Hapana. Mashine italala kwangu, hizo zilale kwako. Mke wangu amesema vitu hivyo viwili visikae chumba kimoja."

"Amesema lini? Hujaonana naye tangu asubuhi."

"Atasema," akajibu. "Kesho kuna mti kwa fundi cherehani. Nitakupitia."

"Kama sina shughuli."

"Una shughuli gani?"

Nikafikiri kwa kweli, nikitafuta. "Sina," nikasema.

Akaondoka. Nikaingia ndani nikakaa kwenye kiti, betri mapajani. Moja ilikuwa imelala mfukoni tangu mchana. Nyingine ilikuwa imetoka kwenye kazi muda si mrefu, ya moto, nikausikia moto wake ukipenya nguo mpaka kwenye paja, wa wastani, kama mtu ameegemea hapo.

Binti yangu akaja na glasi ya maji. Akatazama ile mikono yangu, akaitazama chaja juu ya rafu.

"Nikuchomekee, mama?"

"Bado. Ikichajiwa na moto wake inaharibika. Nangoja ipoe."

"Itapoa lini?"

"Sijui," nikasema. "Kaa."

Akavuta kiti akakaa.